"By" sio "na" peke yake, hasa ukiwa kazini

Nafundisha kingereza jioni, wanafunzi wangu wengi ni watu wazima, wa maofisini, mahotelini, wengine wana biashara zao, na kineno kinachowasumbua kuliko hata yale maneno marefu ni hiki "by". Shule tulipewa maana moja tu, "na" ya mtendaji, yaani The letter was written by Asha ni barua iliandikwa na Asha, basi, tukahamia somo lingine. Sio kosa, lakini kazini "by" inayokula watu ni ile ya muda.

Bosi anakuandikia Send me the report by Friday. Wewe kichwani unapata "mpaka ijumaa", sasa "mpaka" yetu inabeba mambo mawili, ndo maana unakuta mtu anajibu I will send it until Friday, hapo umemwambia utakuwa unatuma ripoti, unatuma, unatuma, hadi ijumaa ifike. "By" inataka kitu kiwe kimeshafanyika, siku hiyo au kabla yake. "Until" kitu kinaendelea halafu kinakoma.

Ninachowashauri siku zote ni kuangalia kama "-mesha-" inakaa kwenye sentensi yako ya kiswahili. Ijumaa nitakuwa nimeshaituma, inakaa vizuri, weka "by". Ofisi iko wazi mpaka saa kumi, hapo hakuna "-mesha-", weka "until". Na kuwa makini maana kuna sehemu zote mbili ni kingereza safi ila safari ni tofauti kabisa: I'll be in Mwanza by Friday, ijumaa nitakuwa nimeshafika, I'll be in Mwanza until Friday, niko huko na ijumaa ndo naondoka. Anayekukatia tiketi atakukatia kulingana na ulichoandika! Hata She should be home by now ni ileile, saa hizi atakuwa ameshafika.

Halafu pesa. Hapa naomba msome taratibu kabla ya kusaini chochote. Unalipa kodi 250,000 kwa mwezi, mkataba unasema rent will increase to 300,000, umeongezewa 50,000. Ikiandikwa increase by 300,000 sasa unadaiwa 550,000. Herufi mbili tu hizo, na zote ukizipitia harakaharaka unaona "itapanda 300,000".

Kuna na "kwa" pia. Aliuawa na jambazi kwa kisu, kingereza ni killed by a robber with a knife, kwa hiyo mtu aliyetenda anachukua "by", kifaa alichoshika mkononi kinachukua "with". Ila kwenye vipimo "kwa" yetu inarudi kuwa "by", unalipwa kwa saa ni paid by the hour, mchele unauzwa kwa kilo ni by the kilo, hata mbao ya mbili kwa nne fundi akiitaja kingereza ni two by four.

Usafiri mwepesi, by bus, by boat, by train, bila "the" wala "a". Ukishataja gari ni la nani "by" inatoka, sema in my car, na ukienda kwa mguu ni on foot.