Barua kwa mwanangu: usiache kusalimia

Tukuyu, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sisi hatujambo. Mvua imeshika kasi, mahindi yamefika magotini, na mlima Rungwe leo siku ya nne hatujauona kwa ukungu. Bibi yako ameiona picha yako ukiwa na lile koti tulilonunua sokoni Mwanjelwa. Amesema ndaga fijo, asante sana, kisha akauliza kama huko Ujerumani ndizi zinapatikana.

Ujumbe wako wa Jumatano nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza: "Mama, huu mwezi wa tatu niko Dresden. Nawasalimia watu njiani na kwenye tramu, wananitazama tu na kupita. Jirani naye kanibandikia karatasi mlangoni. Niache kusalimia?" Nilitaka kukupigia, lakini nilijijua kwamba nitalia, na ukinisikia nalia utaanza kunificha mambo. Ndiyo maana nimekaa mezani nikuandikie.

Usiache, mwanangu. Nina sababu, na sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1996 nilipangiwa kufundisha shule ya msingi kijijini, upande wa Njombe. Nilifika mwezi wa saba, baridi ile ya umande unaoganda kwenye majani. Kibena sikukijua hata neno, zaidi ya salamu ya "kamwene" niliyofundishwa ndani ya basi. Siku za mwanzo nilisalimia kila mtu. Asubuhi moja nilikuta akina mama bombani, nikasalimia, wakaitikia, kisha wakasema jambo kwa Kibena na wote wakacheka. Nikajiambia wananicheka mimi. Tangu siku hiyo nilikuwa napita nikiangalia mbele, ndoo kichwani, mdomo nimefunga. Niliona najilinda.

Muhula wa pili nikapata kichomi. Nililala ndani siku tatu, hata kuni za kuchemshia maji sina, na hakuna aliyebisha hodi. Siku ya nne mtoto wa darasa la sita aliletwa na shida ya funguo za stoo, akanikuta katika hali ile, akatoka mbio. Haikupita nusu saa chumba kikajaa wanawake. Mmoja kabeba uji wa ulezi, mwingine kuni, mwingine akakaa kitandani kwangu akaanza kunisugua mgongo. Yule wa uji ndiye aliyeniambia: "Mwalimu, sisi tulidhani hutaki watu."

Mwanangu, sentensi hiyo sijaisahau hadi leo. Muda wote mimi nawahukumu kwa kicheko cha bombani, na wao walikuwa wananihukumu kwa ukimya wangu. Na kile kicheko? Sikuwahi kujua kilihusu nini. Huenda hakikunihusu kabisa.

Sasa turudi kwako. Nilikwenda kumwona yule mchungaji mstaafu wa jirani, aliyeishi huko Saksonia, jimbo la Dresden yako, miaka kadhaa, nikamsomea maneno yako. Akaniambia kwamba Wajerumani husalimiana vizuri sana, isipokuwa salamu yao ina mahali pake. Kwenye tramu au barabara ya mjini usiyemjua humsalimii, na hakuna anayeona amekosewa. Lakini ukiingia chumba cha kusubiri daktari unawaambia wote Guten Morgen, nao wanaitikia. Duka dogo vivyo hivyo. Kwenye ngazi za nyumba mnayokaa vivyo hivyo. Kwa hiyo salamu zako za kwenye tramu zipunguze bila kinyongo, za kwenye ngazi zishike kila siku, hata yule wa karatasi mpe yake. Na mzee usimwite du, ile "wewe" ya watu waliozoeana. Mwambie Sie, ile ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu. Hilo halitakusumbua wewe uliyekua ukijua nani anapewa shikamoo na nani anaambiwa mambo vipi.

Jambo jingine alilonieleza likanifungua macho. Sisi tukimpenda mtu tunamwambia "karibu nyumbani", naye siku yoyote akipita anaingia, anakuta mbalaga jikoni, anakula. Wao ukiwaambia karibu bila siku na saa wanaona umesema maneno mazuri tu. Ukimpenda yule binti unayefanya naye mazoezi ya maabara, mwambie: Jumamosi hii, saa tisa alasiri, nitapika. Atakuja saa tisa kamili, kwa hiyo na wewe uwe tayari. Tena wenzetu hao hukutana kwa sababu ya shughuli: kwaya, mpira, kupanda milima, bustani. Mtu anaimba pembeni yako miezi minne bila kukuuliza unatoka wapi, halafu mwezi wa tano anakuletea keki aliyooka mwenyewe. Sauti unayo, ulikuwa unaimba alto tangu kidato cha kwanza. Tafuta kwaya kabla ya kutafuta rafiki.

Kuhusu ile karatasi. Umesema ulikuwa unatwanga karanga Jumapili mchana, na sakafu ya mbao. Jumapili kwao ni siku ya utulivu kisheria, hata maduka mengi yanafungwa, na kila usiku kuanzia saa nne hadi asubuhi saa kumi na mbili kelele haziruhusiwi. Huku kwetu jirani akikerwa angemtuma mtoto, au angekuja kuomba chumvi akalisema mwishoni. Yeye kaandika. Inauma, najua, karatasi haina uso. Lakini aliandika kuhusu kinu, hakuandika kuhusu wewe. Twanga Jumamosi. Ukikutana naye, mwambie samahani mara moja, basi, usiirudie kila siku kama mwenye deni.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni giza. Wewe mtoto wa Tukuyu ulidhani baridi unaijua, na kweli unaijua, ila sisi hapa mwaka mzima mchana wetu hauendi mbali na saa kumi na mbili. Kwenu mwezi huu jua linatoka karibu saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama. Mwili unaona ni usiku, moyo nao unafuata. Hiyo uliyoniambia, kwamba unalala kwa muda wa saa kumi na bado unachoka, usiseme ni uvivu na usiseme ni mapepo. Kila siku mchana toka nje, hata dakika thelathini, hata kama hakuna jua la kuona. Bima ya afya unaikatwa kila mwezi, basi nenda kwa daktari ukamwambia hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Na ile ofisi ya huduma za wanafunzi inayosimamia bweni na chakula chenu ina washauri wa kuzungumza nao. Nenda, mwanangu. Baba yako hapa ananiambia nisikutishe, lakini mimi naona ni heri uende bure kuliko usiende.

Habari ya ndugu wanaokuomba hela niachie mimi. Hizo yuro 992 unazotolewa benki kila mwezi ni kodi, chakula na bima yako. Shangazi yako nimeshazungumza naye.

Umesema madirishani wametundika nyota za karatasi zenye pembe nyingi, zinawaka ndani. Hizo ni nyota za Herrnhut, na Herrnhut yenyewe iko mashariki ya hapo ulipo, karibu na mpaka wa Poland. Ndiko walikotoka wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Fikiria watu wale, walivyokuja hapa hawajui Kinyakyusa, hawajui nani anasalimiwa kwanza na nani anapita bila kutazamwa usoni. Walijifunza neno moja moja kwa babu zetu. Ukipata tiketi ya bei nafuu kabla ya Krismasi, nenda ukapaone, ukae kanisani mwao hata nusu saa, unipigie picha.

Saa zenu zilirudi nyuma ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo sasa tunawatangulia kwa saa mbili. Ukipiga saa mbili usiku wako, bibi yako ameshalala. Piga saa kumi na moja jioni ya kwenu, giza likishaingia. Huku itakuwa saa moja, tuko jikoni wote tunaota moto, na bibi anataka umsalimie ugonile kwa sauti yako.

Mama yako