Kabla hujakariri aina za madaraja

Mdogo wangu wa Mbagala, umeniandikia kwamba somo la madaraja limekushinda. Nakujibu hapa ili na wenzako wafaidike, maana mimi madaraja yaliniangusha kwenye usaili wangu wa kwanza.

Aina zote nilikuwa nazo kichwani: la boriti, la tao, la kuning'inia, la nyaya za minarani. Mzee mmoja akaniuliza, "Nondo kuu za boriti unazilaza wapi?" Nikajibu chini. "Na pale boriti inapopita juu ya nguzo?" Nikarudia, chini. Akafunga faili langu taratibu, bila neno. Mpaka leo inaniuma.

Nilirudi Temeke nikakata kipande cha godoro kuukuu, nikakichora mistari ya wima ubavuni, nikakilaza juu ya vitabu viwili na kubonyeza katikati. Juu mistari ikakaribiana, chini ikaachana. Zege linavumilia kubanwa, ila likivutwa linapasuka, ndiyo maana nondo huwekwa kunakovutwa. Nikaongeza kitabu cha tatu katikati, nikabonyeza pande zote mbili. Pale juu ya kitabu cha kati, mistari sasa ikaachana kwa juu! Jibu nililolikosa, kwamba juu ya nguzo nondo kuu zikae juu, lilikuwa mbele yangu, huku mama akinigombeza kwa godoro lake.

Kwa hiyo fuata mzigo, yaani jiulize uzito unapita wapi hadi kufika ardhini. Tao huusukuma pembeni, hivyo linataka kingo imara. Boriti ukiirefusha mara 2, uzito kwa kila mita ukibaki uleule, nguvu ya kuipinda inakuwa mara 4. Ndipo nyaya zinapohitajika, kama kwenye Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lenye mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Daraja la Tanzanite, nalo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022, lina minara mifupi na nyaya zilizolala: boriti yenyewe bado inabeba sehemu kubwa, nyaya zinaisaidia kwa kuibana kwa urefu wake.

Mwezi uliopita nimepita usaili, tena kwa kuchora tu. Vijana wenzangu, tuache kumeza notsi! Daraja halijali umekariri nini. Fuata mzigo, nasema tena, fuata mzigo.

Jumamosi nenda Tanzanite kwa miguu kutokea Coco Beach, usimame karibu na mnara. Chora uzito wa gari moja unapita wapi hadi kufika ardhini, kisha unitumie mchoro.