Drools: kuoanisha objekti zaidi ya moja na kuzibadilisha bila sheria kuzunguka milele

SWALI: Habari za kazi kaka. Natengeneza mfumo wa kugawa mizigo kwa bodaboda kutoka Kariakoo, natumia Drools, injini ya sheria ya Java. Nina objekti za Mzigo na za Dereva. Nataka mizigo miwili inayoenda eneo moja apewe dereva mmoja na hali ya mizigo yote miwili ibadilike. Tatizo mzigo mmoja unajioanisha wenyewe, pea zinatoka mara mbili mbili, na saa nyingine programu haisimami mpaka niiue. Nimeweka kizuizi cha no-loop, wapi. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Hayo unayaona kama matatizo matatu ila mzizi wake ni mmoja, sheria yako haisemi mzigo ukishapangwa uwe na sura gani, kwa hiyo injini haina namna ya kujua kwamba kazi imeisha.

Tuanze na mzigo kujioanisha. Ukiandika Mzigo mara mbili kwenye when (sehemu ya masharti; then ni sehemu ya vitendo), Drools inapima kila mstari peke yake, na objekti ileile ikitimiza masharti ya mistari yote miwili inakubalika kote. Wengi wanaweka this != $m1 wakadhani wamemaliza. Hapana, A na B bado itatoka, halafu B na A nayo itatoka. Chukulia una mizigo 10 ya Mbagala: bila kizuizi chochote ni pea 100, ukiondoa za kujioanisha zinabaki 90, ukisema namba ya wa pili lazima iwe kubwa kuliko ya wa kwanza zinabaki 45 na hakuna inayojirudia. Alama moja tu ya > imekufanyia kazi mbili.

Sasa iandike hivi:

rule "Panga mizigo miwili"
when
  $m1 : Mzigo( hali == "MPYA", $eneo : eneo, $n : namba )
  $m2 : Mzigo( hali == "MPYA", eneo == $eneo, namba > $n )
  $d : Dereva( nafasi >= 2, eneo == null || eneo == $eneo )
then
  modify( $m1 ) { setHali( "IMEPANGWA" ), setDereva( $d ) }
  modify( $m2 ) { setHali( "IMEPANGWA" ), setDereva( $d ) }
  modify( $d ) { setNafasi( $d.getNafasi() - 2 ), setEneo( $eneo ) }
end

Angalia hali == "MPYA" iko kwenye mizigo yote miwili, sio mmoja. Sheria ikishafanya kazi mizigo ile sio mipya tena, sharti limevunjika, na pea zote nyingine zilizokuwa zinasubiri zikiwa na mzigo mmojawapo zinafutwa zenyewe. Hapo ndipo lupu, yaani mzunguko usioisha, inapokufa. Na hilo la eneo kwa dereva nimeliongeza makusudi maana hujalitaja, mtu mwenye nafasi 4 angepewa miwili ya Mbagala na miwili ya Tegeta, kusini na kaskazini mwa jiji kwa safari moja, huyo dereva atakulaumu na atakuwa na haki.

Kitu cha pili, na nakuomba ukishike sana: usiite setHali moja kwa moja ukaishia hapo. Objekti ya Java itabadilika kweli, lakini injini haitajua. Injini hizi zimetokana na algorithimu ya Rete ya Charles Forgy, aliyoichapisha kwa urefu mwaka 1982, na siri yake ni kwamba inakumbuka ulinganisho ilioufanya mwanzo ili isipime kila kitu upya. Drools kuanzia toleo la 6 inatumia algorithimu nyingine, PHREAK, lakini hilo la kukumbuka lipo palepale. Usipoiambia kwamba kitu kimebadilika inaendelea na kumbukumbu ya zamani, na nadhani ndio maana pea zako zilikuwa zinatoka hata baada ya mzigo kupangwa. modify ndiyo taarifa yenyewe. Mimi naipenda kuliko update, njia nyingine ya kuiarifu injini, kwa sababu inaonyesha wazi fildi zipi zimeguswa, na kuanzia toleo la 7 Drools inatumia hiyo kuamua sheria ipi iamshwe, sheria isiyoangalia nafasi haisumbuliwi nafasi ikibadilika.

no-loop inazuia sheria isijiamshe yenyewe kwa mabadiliko iliyoyafanya yenyewe, basi. Ukiwa na sheria mbili, hii inaiamsha ile na ile inairudishia hii, zitazunguka mpaka asubuhi. Mimi siiweki kabisa kabla sijahakikisha masharti yamekaa sawa, kwa sababu inaficha bagi, yaani kosa la programu.

Ukitaka mizigo zaidi ya miwili usiongeze $m3, $m4, utachoka na pea zitafumuka. Wengine wanakusanya listi kwa collect halafu wanaandika for ndani ya then, inawezekana, ila ukifanya hivyo nakili listi kwanza kabla ya kuanza kubadilisha vilivyomo. Ninachokushauri ni kutengeneza objekti ya Safari yenye dereva, eneo na nafasi, sheria moja inaifungua na kumtoa dereva kwenye waliopo, sheria ya pili inachukua Safari yenye nafasi > 0 na Mzigo MPYA mmoja wa eneo hilo, inapunguza nafasi na kubadilisha hali. Injini yenyewe ndiyo inazunguka mzigo mmoja mmoja, nafasi zikifika 0 inaacha, na mzigo uliobaki peke yake bila mwenzake nao unapata usafiri, kitu ambacho sheria yako ya pea isingeweza.

Wakati wa kujaribu ita fireAllRules(100), amri ya kuendesha sheria yenye kikomo, badala ya kuiacha wazi, itasimama sheria zikifanya kazi mara 100 hata kama kuna lupu. Weka na AgendaEventListener (msikilizaji anayearifiwa sheria inapofanya kazi) ichapishe jina la sheria na namba za mizigo kila inapofanya kazi. Ukiona jina lilelile na namba zilezile zinajirudia, rudi kwenye when ya sheria hiyo utafute sharti ambalo then yake hailivunji.