Kuficha Mabomba, Nguzo na Mifereji ya Hewa katika Besimenti

SWALI: Ndugu Mhariri, tumenunua nyumba hapa Columbus, Ohio, na tunataka besimenti yake, yaani chumba cha chini ya ardhi, iwe sebule ya watoto. Kinachotukwaza ni mabomba yaliyotapakaa darini, mfereji mkubwa wa bati unaopitisha hewa ya moto, na nguzo mbili za chuma zilizosimama katikati. Je, tuzibe vyote kwa jipsamu? Na nguzo hizo zinaweza kuondolewa?

JIBU: Ndugu msomaji, nguzo msiziondoe wala kuzisogeza, maana ndizo zinazobeba boriti kuu ya nyumba, na kuzigusa pasipo mhandisi ni kuhatarisha maisha. Zivisheni mbao pande zote nne, au jengeni rafu za vitabu kuzizunguka.

Mfereji wa hewa ndio wenye kazi. Uzungushieni fremu ya mbao za 2x2, kisha pigilieni jipsamu juu yake. Na kama mabomba madogo yanaweza kuhamishiwa ubavuni mwake, yahamisheni, ili yote yafichwe ndani ya sanduku moja. Pimeni kwanza, kwa sababu kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani hutaka dari ya chumba cha kuishi iwe futi 7 kutoka sakafuni, ingawa chini ya boriti na mifereji ya besimenti huruhusiwa kushuka hadi futi 6 na inchi 4.

Kabla ya kuziba, yavisheni mabomba ya maji baridi sponji, kwani katika majira ya joto hutoka jasho, na matone yake huilowesha jipsamu hadi ikaota ukungu. Bomba la plastiki la maji machafu nalo lizungushieni pamba ya kuzuia sauti, la sivyo kila choo cha juu kinapovutwa mtasikia maji yakiporomoka ukutani.

Kuziba vyote sikubaliani nako kabisa. Koki kuu ya maji, kifuniko cha kuzibulia bomba la maji machafu na masanduku ya maungio ya nyaya za umeme ni lazima vifikike. Wekeni vijimlango mahali hapo, au tumieni dari ya vigae vya kuning'inia, ambayo hupunguza kimo kwa inchi kadhaa lakini kigae chake huinuliwa kwa mkono. Bomba la moshi la tanuru, yaani mtambo unaopasha hewa ya nyumba, lisikaribiane na mbao. Fuateni umbali ulioandikwa na mtengenezaji, na mkaguzi wa jiji aione fremu kabla jipsamu haijapigiliwa.