Kabla ya Poitier alikuwepo Juano Hernandez

Mkuu, umeuliza kama Hollywood iliwahi kuwa na mwigizaji Mweusi aliyecheza mtu mwenye heshima zake kabla Sidney Poitier hajapata jina, au kama wote walikuwa wapishi, wabeba mizigo na wachekeshaji. Alikuwepo. Anaitwa Juano Hernandez, na inaniuma kwamba wanaomjua ni wachache.

Nimecheza maigizo ya jukwaani na ya redio hapa Nakuru kwa miaka mingi, na nafasi zangu ni zile zile: baba mkwe, chifu, hakimu, mzee wa kanisa. Stelingi ni wengine. Mtu wa nafasi kama hizo huwa na dakika chache tu za kumfanya mtazamaji aamini kwamba mzee huyu alikuwa na maisha kabla ya kuingia jukwaani. Katika hilo sijaona mwalimu kumshinda Hernandez.

Anza na Intruder in the Dust ya 1949. Clarence Brown aliipiga picha hiyo Oxford, Mississippi, mji wa William Faulkner aliyeandika riwaya yenyewe. Hernandez ni Lucas Beauchamp, mkulima Mweusi mwenye ardhi yake, anayesingiziwa kumuua Mzungu, na mji mzima unakusanyika kumsubiri anyongwe bila hukumu. Lakini usikimbilie huko. Tazama kwanza sehemu ya kijana wa Kizungu anayetumbukia kwenye kijito wakati wa baridi. Lucas anamchukua nyumbani, anamkaushia nguo, anamlisha. Kijana anataka kumlipa. Hernandez hapandishi sauti wala hakunji uso. Anakataa tu. Sarafu zinaanguka sakafuni, naye anaamuru ziokotwe zirudishwe kwa mwenyewe. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuangalia anachofanya na mikono yake, na jibu ni kwamba hafanyi chochote. Sisi wengine tungetikisa kichwa, tungeguna, tungetafuta fimbo ya kushika.

Mwishoni, akiwa huru, anakwenda kwa wakili kulipa deni lake, kisha anabaki amesimama. Anasubiri risiti! Mtu aliyeponea chupuchupu kuuawa na majirani zake hataki shukrani za mtu wala huruma, anataka hesabu iandikwe. Na wakati wa kupiga picha hiyo Hernandez mwenyewe alilala kwa familia ya Weusi, kwa sababu ubaguzi wa mji ule haukumruhusu kukaa pamoja na wenzake Wazungu. Ralph Ellison, mwandishi Mweusi wa Marekani aliyekuwa mkali sana kwa sinema za aina hiyo, aliandika kwamba kati ya picha nne za 1949 zilizohusu Weusi, ni hii peke yake ambayo ingeonyeshwa Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, bila watu kucheka mahali pasipostahili.

Alifikaje hapo? Si kwa chuo. Mzaliwa wa San Juan, Puerto Rico, alipita kwenye sarakasi, ngumi za kulipwa, kwaya za Broadway, yaani majumba ya maigizo ya New York, picha za mwongozaji Mweusi Oscar Micheaux za miaka ya 1930, na redio. Alijifunza kutamka Kiingereza kwa kukariri Shakespeare. Wakati Hollywood inamgundua alikuwa mtu mzima kabisa.

Mwaka 1950 peke yake alionekana katika Young Man with a Horn akiwa mpiga tarumbeta anayemfundisha Kirk Douglas, Stars in My Crown, na The Breaking Point, ambamo ni mwenzake John Garfield kwenye mashua. Mwaka 1955, katika Trial, akawa jaji. Jaji Mweusi, Hollywood, 1955! Televisheni nayo ilimtumia, kwa mfano katika Alfred Hitchcock Presents mwaka 1959.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1957 ilitoka Something of Value, picha ya Mau Mau iliyopigwa kwa sehemu hapa Kenya, Hali ya Hatari ikiwa bado inaendelea. Poitier ni Kimani, Hernandez ni Njogu, mzee anayewalisha watu kiapo. Picha yenyewe imesimama upande wa walowezi zaidi ya inavyokiri, na mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyepitia enzi zile alikataa kabisa jinsi kiapo kilivyoonyeshwa. Lakini kuhusu Njogu aliniambia, "Huyo anakaa kama mzee." Kwa Mpuerto Rico aliyepewa maneno yaliyoandikwa na Wamarekani, mimi naona hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Ukimaliza hizo, tafuta The Pawnbroker ya 1964. Humo ni Bwana Smith, mzee anayeingia dukani kwa Rod Steiger na vitu vya kuweka rehani, ila shida yake hasa ni mtu wa kuzungumza naye habari za vitabu na fikra. Muuza duka anamkatiza. Angalia uso wa Hernandez pale anapojaribu kuendelea na mazungumzo yasiyotakiwa. Alifariki San Juan Julai 1970, na mwaka huo huo alikuwa bado anaonekana kwenye sinema, katika They Call Me Mister Tibbs!, stelingi akiwa Poitier.