Mlo wa kosheri mkutanoni: anza na chakula baridi

SWALI: Mimi ni mratibu wa ofisi. Kila mwezi tuna mkutano wa siku nzima wa watu wapatao arobaini, na watatu kati yao hula chakula cha kosheri tu, yaani kinachofuata sheria za vyakula za Kiyahudi. Tumekuwa tukiwaagizia milo iliyofungwa, mmoja mmoja. Bei ya kila mlo ni mara kadhaa ya bei ya sahani ya wenzao, na plastiki inayobaki mezani inatia aibu, maana kampuni imeahidi kupunguza taka. Mara ya mwisho jiko letu lilipika chakula kisicho na nyama wala maziwa tukidhani tumemaliza tatizo. Mmoja wa watatu hao aliishia kula tunda. Sasa bosi anataka tuwape pesa wakajinunulie wenyewe. Je, kuna namna ya kuwalisha vizuri bila gharama hiyo na bila taka hizo?

JIBU: Ipo. Lakini kwanza nikuulize: kwa nini mlo huo lazima uwe wa moto? Sehemu kubwa ya gharama yenu, na karibu plastiki yote, inatokana na jambo hilo moja ambalo pengine hakuna aliyelihoji.

Watu wengi wanazijua sheria za kosheri kwa orodha ya viumbe. Mambo ya Walawi sura ya 11 na Kumbukumbu la Torati sura ya 14 zinataka mnyama awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, na samaki awe na mapezi na magamba. Nguruwe hayumo, kamba hayumo, kambare hayumo. Kisha kuna katazo la kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, lililotajwa mara tatu katika Torati, ambalo marabi, yaani walimu wa sheria za Kiyahudi, walilipanua hadi nyama na maziwa vikatenganishwa kabisa, pamoja na sufuria, sahani na vijiko vyake. Bila shaka jiko lenu liliyajua hayo. Wapishi walikagua viambato, hawakuona nyama wala maziwa, wakaridhika.

Tatizo ni kwamba viambato ni nusu tu ya habari. Sufuria iliyopikiwa mboga zenu ndiyo iliyopikiwa nyama juzi, na kwa sheria hizi chombo hunyonya ladha ya kinachopikwa humo kwa moto, kisha huitoa katika chakula kinachofuata. Kuosha kwa sabuni hakubadilishi hilo. Chombo cha chuma kinaweza kutakaswa kwa maji yanayochemka, kwa utaratibu maalumu. Cha kauri hakitakasiki hivyo. Mboga za majani, brokoli na koliflawa zinahitaji kukaguliwa kwa makini kwa sababu wadudu hawaliwi, hata kidukari mdogo aliyejificha kwenye kikonyo. Siki ya divai kwenye kachumbari nayo ina neno, kwani divai na mazao mengine ya zabibu yanatakiwa yatengenezwe chini ya usimamizi wa Kiyahudi. Juu ya hayo, vyakula vingi ambavyo haviliwi vibichi vinahitaji Myahudi ashiriki katika upishi, walau kwa kuwasha moto. Kwa hiyo mwenzenu aliyekula tunda hakuwa mkaidi. Tunda zima, ambalo halijakatwa wala kupikwa, ndicho kitu pekee mezani alichoweza kukiamini kwa macho yake.

Sasa geuza hoja hiyo iwe faida yako. Kama joto ndilo linalohamisha ladha kutoka chombo hadi chakula, basi chakula baridi kwenye chombo safi hakina sehemu kubwa ya matatizo niliyoyataja. Hakihitaji oveni, wala karatasi ya foili tabaka mbili, wala gari la kukileta kikiwa moto saa sita kamili. Kuna tahadhari mbili. Vitu vikali kama kitunguu na limau, vikikatwa kwa kisu cha jiko la kawaida, huhesabiwa kana kwamba vimepita motoni. Vilevile chakula chenye majimaji kilicholala kwenye chombo saa 24 huhesabiwa kuwa kimepikwa humo. Nunueni kisu kipya na ubao mpya wa kukatia, viandikeni, vifungieni kabatini. Ni gharama ya mara moja, na ndogo.

Meza ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri kabisa: mkate wenye alama ya uthibitisho wa kosheri, samaki wa kopo, kunde zilizopondwa zilizofungwa kiwandani, zeituni za chupa, matango na nyanya na karoti zilizokatwa kwa kisu kile kipya, matunda mazima, biskuti za pakiti. Vyote hivi vinaweza kuwa pareve, yaani havihesabiwi upande wa nyama wala wa maziwa. Samaki na mayai wamo katika kundi hilo pia. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi katika kazi hii ya huduma za chakula: usiwatengee watu watatu kona yao. Wekeni meza hiyo iwe ya wote arobaini, au angalau iwe sehemu ya mlo wa wote. Mkebe mkubwa wa kunde zilizothibitishwa hauna sababu ya kuwa ghali kama mlo mmoja uliofungwa. Kinachopandisha bei ya milo ile si chakula kilichomo ndani. Unalipia usimamizi, oda ndogo ya watu watatu, na safari ya kuileta. Ukinunua bidhaa za dukani zenye alama, gharama ya usimamizi imeshagawanywa kwa maelfu ya pakiti kabla haijakufikia.

Meza ya pareve inawafaa pia wasiokula nyama, samaki ukiwaweka kando, na Waislamu wengi, ingawa hapo usibweteke: kosheri hairuhusu nguruwe, lakini haikatazi pombe, kwa hiyo soma viambato. Na kwa mwenye mzio wa maziwa, neno pareve si cheti cha daktari. Ni hukumu ya dini kuhusu namna chakula kilivyotengenezwa, na masalia madogo yanaweza kuwemo.

Tujie alama zenyewe, kwa sababu hapa pana mitego. Alama inayojulikana zaidi ni ya Orthodox Union, shirika la Marekani linalothibitisha vyakula vya kosheri: herufi U ndani ya duara. Ikifuatwa na D, bidhaa ina maziwa au imepita kwenye mitambo ya maziwa, kwa hiyo haikai na nyama. Ikifuatwa na P, wanunuzi wengi hudhani ni pareve. Sivyo, P ni ya Pasaka ya Kiyahudi. Uingereza utakutana na KLBD, ya mahakama ya marabi ya London, na nchi nyingine zina zake. Herufi K ikisimama peke yake isikutulize, kwani mtengenezaji yeyote anaweza kuichapa bila shirika lolote nyuma yake. Wala usiamue wewe shirika lipi ni zuri. Piga picha ya alama, wapelekee wenzako watatu, uliza kama wanaikubali. Watu wa kosheri hawafanani: mmoja ataridhika na kukosekana kwa nyama isiyofaa, mwingine atataka jibini iwe na usimamizi wake, wa tatu hatagusa kitu kisicho na alama anayoifahamu. Wote watatu wanajiita walaji wa kosheri, na si kazi ya mratibu kuwapanga madaraja.

Zipo siku ambazo chakula cha moto kinahitajika. Mkutano wa kutwa nzima wakati wa baridi, kwa mfano, au wageni rasmi. Hapo rudini kwenye milo iliyofungwa, ila badilisheni namna ya kuiagiza. Badala ya mitatu kila mwezi, agizeni shehena ya miezi kadhaa, ya kugandishwa au ile inayokaa kabatini bila friji, ili usafirishaji ulipwe mara moja. Ikipashwa katika oveni ya kawaida au maikrowevu ya ofisi, ibaki imefungwa tabaka mbili tangu inapoingia hadi inapofika mbele ya mlaji. Waambieni wahudumu hili kwa maneno makavu. Nimeona zaidi ya mara moja mhudumu mkarimu akifungua foili jikoni, akapakua chakula kwenye sahani nzuri ya kauri pamoja na jani la kupambia, akakileta kwa tabasamu. Chakula kilichogharimu pesa nyingi kuliko vyote chumbani kikawa hakiliki. Muhuri anaufungua mlaji mwenyewe, mezani, kwa mkono wake.

Kuhusu taka, usianze na sahani. Ripoti ya 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na tani milioni 290 kati ya hizo zilitoka kwenye migahawa, majiko ya taasisi na huduma za aina hiyo. Mlo wa kosheri ulioagizwa kwa mtu ambaye hakuja ni hasara kubwa kuliko uma wa plastiki. Thibitisha idadi siku mbili kabla. Pakiti ambazo hazijafunguliwa zirudi stoo kwa ajili ya mwezi ujao, jambo ambalo wali uliopikwa hauwezi kukupa. Na nyama ya ng'ombe ukiiondoa kwenye menyu ya wote umeshapunguza hewa ukaa kuliko utakavyopunguza kwa kubadilisha vikombe. Wenzako huenda wakakukumbusha kwamba wanayo kanuni yao wenyewe juu ya hili: katazo la kukata miti ya matunda wakati wa kuuzingira mji, Kumbukumbu la Torati 20:19, ambalo marabi walilitanua liwe katazo la kuharibu kitu chenye manufaa bila sababu.

Sahani sasa. Vyombo vya kutumika mara moja vilikuwa suluhisho la hofu ya vyombo vilivyonyonya ladha, na kwa chakula cha moto bado ni njia iliyo salama. Zile zilizotengenezwa kwa nyuzi za miwa zinasifiwa kwamba huoza, lakini zikitupwa kwenye pipa la kawaida zinakwenda jalalani na plastiki. Usilipe zaidi kwa ajili yake kama hakuna anayezikusanya kwa ajili ya mboji. Kwa chakula baridi, mna njia bora: seti ndogo ya sahani na bilauri za kioo, pamoja na vijiko na uma wa chuma, vipya, visivyowahi kuguswa na kitu kingine. Kioo kinakubalika kwa wengi kwa vitu baridi. Seti hiyo ioshwe kwa mkono, kwa sponji yake na beseni lake, isiingizwe kwenye mashine ya kuoshea vyombo pamoja na vya ofisi, ikafungiwe kabatini na kisu kile. Waulizeni kabla ya kununua. Wakikataa, hamjapoteza kitu. Wakikubali, wapeni ufunguo wao.

Mpangilio wa meza unaamua mengi. Kijiko kilichotoka kwenye bakuli la nyama kikitumbukizwa kwenye kunde zilizothibitishwa, kazi yako yote imeharibika kwa sekunde moja. Kwa hiyo meza ya kosheri isimame peke yake, iwe ya kwanza kufikiwa na foleni, yenye vijiko vyake vya kupakulia, na wale watatu wapakue kabla ya wengine. Makopo na pakiti viachwe pale pale na alama zikionekana. Kumwaga kila kitu kwenye mabakuli mazuri kunapendeza, lakini kunaficha ushahidi.

Ama pendekezo la bosi la kuwapa pesa: kama wao wenyewe wanalipendelea, sawa. Lakini chakula cha kosheri mara nyingi hakipatikani karibu na ofisi, na mtu aliyetoka kwenda kukitafuta hayupo wakati wenzake wanamalizia ajenda wakiwa wanakula. Halafu kuna njia iliyo rahisi kuliko zote, ambayo sisi tunaouza huduma za chakula hatuitaji sana: kuufupisha mkutano. Kinachoweza kumalizika asubuhi kimalizike asubuhi, na matunda mazima, maji na chai isiyotiwa ladha vinatosha kwa kila mtu.

Mwisho, weka kalenda ya Kiyahudi kando ya kalenda yako kabla ya kutangaza tarehe za mwaka. Wakati wa Pasaka yao, siku nane nje ya Israeli na saba ndani yake, bidhaa za ngano, shayiri na nafaka nyingine tatu za jamii hiyo haziliwi isipokuwa mkate maalumu usiochachuka, na alama za kawaida hazitoshi. Hata shehena yako ya milo iliyogandishwa itabaki kwenye friji wiki hiyo. Yom Kippur ni siku ya kufunga na ya kutofanya kazi. Sikukuu hizi huanza jua linapotua jioni ya siku iliyotangulia, na Sabato vilevile huanza Ijumaa jioni, kwa hiyo mkutano wa Ijumaa alasiri unaweza kuwakosa watatu hao hata kama chakula ni kamilifu.