Barua kwa mwanangu aliyeko Leicester

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Umeniuliza kama wewe na wenzako muendelee kujifunza dini kwa mawaidha ya kwenye simu, maadamu msikiti wa karibu hauna darsa ya wanawake, au mwende kwa yule mwalimu wa kike anayesomesha nyumbani kwake, ambaye kwa madhehebu ni Mhanafi na si Mshafi kama sisi.

Nendeni kwa mwalimu. Mawaidha hulainisha moyo, nami huyasikiliza, lakini hayawezi kukuuliza swali. Tazama mlango wa hedhi, unaowatatiza wasichana wengi nao wakaona haya kuuliza: kwetu Mashafi muda wake mrefu kabisa ni siku 15 na mfupi kabisa ni mchana na usiku mmoja, ilhali kwa Mahanafi mrefu ni siku 10 na mfupi ni siku 3. Anayeokota jawabu moja kwa sheikh huyu na jingine kwa yule, bila kujua kila mmoja anafuata madhehebu gani, huenda akaacha sala iliyomwajibikia na asitambue. Mwalimu aliye mbele yako atakuuliza kwanza damu ilianza lini, kwa kawaida yako huwa siku ngapi, na kama ilikatika kisha ikarudi, ndipo akujibu. Bibi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari, wenyeji wa Madina, kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Uhanafi wake usikutishe, kwani Waislamu wengi wa Uingereza wana asili ya Bara Hindi na hayo ndiyo madhehebu yao. Tajwidi, tafsiri na sira zisome kwake bila wasiwasi. Katika fiqhi mweleze mapema kwamba wewe ni Mshafi, na Safina, kile kitabu chetu cha fiqhi ya Kishafi ulichokiacha katikati, ukimalize na mwalimu wako wa hapa Mombasa kwa simu, kwa sababu simu yenyewe haina kosa ikiwa upande wa pili yupo mtu anayekusikiliza ukisoma na kukusahihisha.

Na wakikwambia elimu ni ya wanaume, wakumbushe Bibi Karima wa Marw, aliyesomesha Sahihi ya Bukhari mjini Makka katika karne ya 11, na mwanachuoni mkubwa wa hadithi, al-Khatib al-Baghdadi, akaisoma kwake. Humo humo Uingereza, Sheikh Akram Nadwi wa Oxford amekusanya habari za maelfu ya wanawake wanachuoni wa hadithi katika majuzuu 43, yaliyochapishwa mwaka 2021.

Mkishakutana naye, muulizeni kwa adabu alisoma kwa nani na ataanza na kitabu gani, kisha uniandikie.

Mama yako akupendaye